Barua inafika imevurugika: ofisi yenu itumie programu gani?

Swali: Chama chetu cha akiba na mikopo kipo Tabora mjini na tuna madirisha mawili nje, Urambo na Sikonge. Kompyuta ziko tano. Mbili zina Word 2010, mbili zina WPS, moja fundi aliiwekea LibreOffice. Kila tukitumiana barua, muhtasari wa kikao au orodha ya mikopo kwa WhatsApp, vinafika vimevurugika: jedwali limehama, nembo imeshuka katikati ya ukurasa, kurasa nne zimekuwa tano. Mwenyekiti anasomea kwenye simu na ndiye analalamika kuliko wote. Mhasibu anataka tuhamie Google. Meneja kaambiwa steshenari kuna "Office ya maisha" kwa bei ndogo. Tuchague ipi? *Katibu muhtasi, Tabora.*

Jibu: Ndugu Katibu, programu zote tatu mlizonazo zinaweza kutoa barua safi. Tatizo lenu linaanzia kwenye aina ya faili mnalotuma. Mnamtumia mwenyekiti faili la kuhaririwa wakati yeye anataka kusoma tu, na kila mashine inayolipokea inalipanga upya inavyojua yenyewe. Mkinunua programu mpya leo bila kubadili hilo, kesho nembo itashuka tena katikati ya ukurasa.

Faili la Word, lile lenye mkia wa .docx, halibebi ukurasa kama ulivyouona kwenye kioo chako. Ndani yake mna maneno na maagizo: aya hii iandikwe kwa fonti (aina ya herufi) ya Calibri ukubwa wa 11, nembo hii ikae sentimita kadhaa kutoka ukingoni, jedwali hili liwe na safu sita. Programu inayolifungua ndiyo inayochora ukurasa hapo hapo. Kama simu ya mwenyekiti haina Calibri, itachukua herufi nyingine yenye upana tofauti kidogo. Mstari uliokuwa unaishia kwenye neno "mkopo" sasa unalisukuma neno hilo chini, aya inaongezeka mstari mmoja, na kufikia mwisho wa waraka kurasa nne zimezaa ya tano yenye sahihi ya katibu peke yake. PDF ni kitu kingine kabisa. Inabeba ukurasa uliokwisha kupangwa, fonti zikiwa ndani yake, kwa hiyo simu, printa ya Sikonge na kompyuta ya Afisa Ushirika zote zinaonyesha kitu kilekile.

Basi kabla hatujagusa majina ya programu, tenganisheni nyaraka zenu kwa jinsi zinavyosafiri.

Za kusomwa, za kupokezana, za kujaza pamoja

Barua, tangazo la mkutano mkuu, kabrasha la kikao cha bodi, taarifa ya fedha iliyokwisha kupitishwa: hizi ni za kusomwa. Zitoke ofisini kwa PDF tu. Kwenye Word 2010 ni *File*, *Save As*, halafu kwenye *Save as type* chagua PDF. Chini yake kuna kitufe cha *Minimum size* kinachofaa kwa WhatsApp. Kwenye LibreOffice ni *File*, *Export As*, *Export as PDF*. Dirisha litakalofunguka lina sehemu ya picha ambayo kwa kawaida imewekwa 300 DPI, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Ishusheni hadi 150 kama waraka ni wa kusomwa kwenye simu, na taarifa yenye picha kumi za mashamba ya tumbaku itapungua uzito sana bila msomaji kuona tofauti. Kisha kwenye WhatsApp ambatisha kama *Document*. Ukipiga picha karatasi na kuituma kama picha, WhatsApp inaibana, na tarakimu ndogo za kwenye mizania zinageuka ukungu. Barua iliyokwisha kusainiwa na kugongwa mhuri nayo iskaniwe iwe PDF. Hata programu ya Google Drive kwenye simu ya Android ina kitufe cha kuskani kinachonyoosha kingo na kuunganisha kurasa zote kuwa faili moja.

Hilo peke yake litamaliza malalamiko ya mwenyekiti, na halina gharama. Anzeni nalo hata kabla ya kumaliza kusoma jibu hili.

Rasimu za kupokezana ni nyaraka ambazo wewe unaandika, meneja anarekebisha, katibu wa bodi anaongeza. Hapa PDF haifai, mnahitaji faili linaloharirika, na hapa ndipo programu moja kwa wote inapoleta maana. Faili likipita Word 2010, likahifadhiwa kwenye WPS, kisha likafunguliwa LibreOffice, kila kituo kinaliandika upya kwa tafsiri yake. Mara ya kwanza hamtaona kitu. Mara ya tano namba za aya zimeanza upya kuanzia moja na jedwali limetoka nje ya karatasi.

Kundi la mwisho ni lile mhasibu analolifikiria: orodha ambayo Urambo, Sikonge na makao makuu wanaijaza siku hiyo hiyo. Maombi ya mikopo, marejesho ya wiki, mahudhurio ya semina. Hizo mkizituma kwa WhatsApp mtakuwa na nakala tatu ifikapo jioni, kila moja ina ukweli wa dirisha moja. Ni kweli zinataka huduma ya mtandaoni. Ila ni orodha chache tu, pengine mbili au tatu, wala si sababu ya kuhamisha ofisi nzima.

Hiyo "Office ya maisha"

Iacheni. Microsoft kweli wana toleo la kununua mara moja, na la sasa ni Office 2024, lakini lililo halali haliuzwi kwa bei ya rimu chache za karatasi. Kinachouzwa hivyo mara nyingi ni ufunguo uliochukuliwa kwenye leseni ya taasisi nyingine, ambao Microsoft wanaweza kuuzima siku yoyote, au Office ya kukreki, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni. Ya kukreki ndiyo hatari zaidi. Fundi akiiweka ataanza kwa kuzima kinga ya virusi, kwa sababu kifaa cha kukreki kinatambuliwa kama virusi, na mara nyingi ndicho hasa. Baada ya hapo hamjui nini kingine kimeingia kwenye kompyuta yenye akiba za wanachama.

Na hata "ya maisha" halali ina umri wake. Office 2010 mnayotumia iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 13 Oktoba 2020. Office 2016 na 2019 zilifuata tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile Windows 10 ilipofikia mwisho wa msaada wake wa kawaida. Programu haizimiki siku hiyo, inaendelea kuandika kama jana. Ila tundu jipya likigunduliwa halizibwi tena, na kompyuta inayofungua viambatisho kutoka kwa watu wengi kila siku haitakiwi kuwa na matundu ya namna hiyo.

Njia nyingine ya Microsoft ni ile ya kulipa kwa mwezi au mwaka, Microsoft 365. Ni nzuri, na kama mngekuwa na mfadhili anayewarudishia andiko la mradi likiwa na maoni na mabadiliko ya rangi kila wiki ningewaambia mlipe. Kwa chama chenye kazi mlizotaja, kulipia mashine tano naona ni kubebesha wanachama mzigo usio wa lazima.

WPS ni nyepesi na kwenye simu inafungua faili la Word vizuri kuliko wengi. Kwenye kompyuta ya ofisi toleo lake la bure lina matangazo, na baadhi ya kazi, hasa za PDF, ziko upande wa kulipia. Unajikuta umemaliza kazi halafu linakuomba kadi ya benki. Mwenyekiti aendelee nayo kwenye simu yake. Ofisini iondoke.

Kuna pia OnlyOffice, ambayo ya kompyuta ni bure, sura yake inafanana sana na Word, na imejengwa juu ya aina za faili za Word na Excel zenyewe, docx na xlsx. Kama wafanyakazi wenu wanaogopa sura mpya, ni ya kufikiria. Lakini mtu mmoja ameshazoea LibreOffice, nayo ina hazina kubwa zaidi ya mambo ya ofisi ya kawaida, kwa hiyo mimi ningewapeleka huko wote watano.

Kwa nini LibreOffice, na muiweke vipi

Ni bure kwa kazi za ofisi, bila hila ya "siku 30 za majaribio". Ilitokana na OpenOffice mwaka 2010 na inasimamiwa na The Document Foundation. Kwa sisi ina undugu wa zamani kidogo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Na LibreOffice leo ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili.

Faili la kusakinisha lina takribani MB 350. Lipakueni mara moja, Tabora mjini kwenye mtandao mzuri, liwekeni kwenye fleshi na kulipeleka Urambo na Sikonge, badala ya kila dirisha kumaliza bando lake. Pakueni kutoka tovuti ya LibreOffice yenyewe, wala si tovuti za "pakua bure" zinazochomeka vitu vingine ndani. Kama kuna kompyuta iliyobaki Windows 7 au 8, toleo la 25.8 na yaliyofuata hayataikubali. Hiyo itahitaji toleo la nyuma, na kusema kweli itahitaji kustaafu.

Wakati wa kusakinisha chagua *Custom* badala ya *Typical*, fungua orodha ya kamusi, weka Swahili. Usipofanya hivyo kila neno la muhtasari litapigiwa mstari mwekundu, macho yatazoea wekundu, na makosa halisi yatapita humo humo.

Ikishaingia, nenda *Tools*, *Options*, *Load/Save*, *General*. Pale kuna mambo matatu ya kubadilisha. Kwanza, aina ya faili la kuhifadhia: kwa nyaraka za maandishi weka Word ya .docx, kwa lahajedwali weka Excel ya .xlsx. LibreOffice ina aina yake, .odt na .ods, ambayo ni kiwango cha kimataifa tangu 2006 na ndiyo inayohifadhi kila kitu bila tafsiri. Lakini mkaguzi wa hesabu na halmashauri watawatumia na kuwadai faili za Microsoft, na ofisi yenye aina mbili huishia kumtumia mtu asiyeweza kufungua. Chagueni moja. Pili, dakika za kujihifadhi zinazokuja zikiwa 10. Wekeni 3, maana umeme ukikatika dakika ya tisa hamna wa kumlaumu. Tatu, weka tiki pale pa kutunza nakala ya faili lililotangulia.

Kabla ya kuhama kabisa, jaribuni kwa nyaraka zenu ngumu. Chukua barua yenye nembo, daftari la mikopo lenye kanuni nyingi, na taarifa ya mkutano mkuu uliopita. Zifungue kwenye LibreOffice, badilisha kitu kidogo, hifadhi, funga, fungua tena. Hesabu kurasa. Linganisha jumla za chini za daftari na zile za Excel. Kama mhasibu ana faili lenye makro, yaani vitufe vinavyofanya kazi vyenyewe, hapo panaweza kukwama, kwa sababu makro za Excel hazikubaliki zote. Hilo likitokea, nunueni Office halali moja tu, ya mashine ya mhasibu, wengine wabaki walipo.

Mavurugo mnayoyapika wenyewe

Sehemu kubwa ya "programu imeharibu barua" huanzia kwa aliyeichapa. Angalia violezo vyenu, yaani zile nyaraka za mfano mnazoanzia kuandika, kwa haya.

Fonti. Tumieni Arial au Times New Roman. LibreOffice huja na Liberation Sans na Liberation Serif, ambazo upana wa kila herufi ni sawasawa na hizo mbili, kwa hiyo hata zikibadilishana mstari hauhami. Calibri nayo ina mwenzake, Carlito, na Cambria ana Caladea. Tatizo jipya ni Aptos, fonti ambayo Word za sasa zinaanza nayo zenyewe. Mkaguzi akikutumia waraka wa Aptos, kwenye mashine zenu utapanuka au utabana. Badilisha fonti kwanza, ndipo uanze kuuhariri.

Karatasi. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa Marekani, na Word ikianza hapo inachukua karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Yetu ni A4, 210 kwa 297. Dalili yake mnaijua: printa inawasha taa na kusimama ikidai "Load Letter" na trei imejaa. Dalili nyingine ni mstari wa mwisho kuhama ukurasa baada ya faili kwenda kwenye mashine nyingine. Rekebisha ukubwa wa karatasi kwenye kiolezo, halafu rekebisha na eneo kwenye Windows iwe Tanzania. Hilo la pili litawaponya pia tarehe, kwa sababu mashine ya Marekani ukiiandikia 03/04 inasoma Machi 4, na mkopo unaopaswa kuiva Aprili unaonekana umechelewa mwezi mzima.

Nembo. Ikiwa "inaelea" juu ya maandishi, kila programu itaiweka inapoona panafaa. Kwenye LibreOffice bofya kulia juu yake, *Anchor*, *As Character*. Kwenye Word ni *Wrap Text*, *In Line with Text*. Ukitaka nembo kushoto na anwani kulia, weka jedwali la safu mbili lisilo na mistari kwenye kichwa cha ukurasa, kila kitu kikae chumbani mwake.

Nafasi. Wanaosogeza sahihi kulia kwa kubonyeza nafasi mara arobaini, na wanaoshuka ukurasa kwa kubonyeza Enter mpaka wafike, ndio hasa wanaovuna barua zilizopinda. Ukurasa mpya ni Ctrl na Enter mara moja. Sahihi za mwenyekiti na katibu ziwekwe kwenye jedwali la safu mbili lisilo na mistari, kama nembo.

Na kabla waraka haujageuzwa PDF, kubalini au katalieni mabadiliko yote yaliyofuatiliwa (*Track Changes*) na mfute maoni ya pembeni. Yasiposhughulikiwa yanaweza kuchapwa pamoja na barua, na mwanachama akasoma sentensi ambayo bodi iliikata.

Namba ya NIDA

Hapa niwacheleweshe kidogo, maana kosa hili halirekebishiki. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba yoyote, na LibreOffice haina nafuu kubwa. Chapa 12345678901234567890 kwenye chumba cha kawaida cha Excel halafu bonyeza Enter. Utaona 1.23457E+19. Wengi hudhani ni mwonekano tu, wanapanua safu, wanabadilisha umbo la namba, na sasa wanaona 12345678901234500000. Tarakimu tano za mwisho zimekuwa sifuri, na ndivyo zilivyohifadhiwa. Hakuna kitufe cha kuzirudisha. Itabidi kumtafuta mwanachama na kitambulisho chake, akiwa Sikonge porini kwenye mizinga.

Kinga yake ni hatua moja, ila lazima itangulie. Chagua safu nzima kabla ya kuchapa chochote, fungua *Format Cells*, weka *Text*. Kuiweka *Text* baada ya kuchapa hakusaidii. Ukichapa namba na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, programu inaichukua kama maandishi na inasalimika, lakini msitegemee kila karani atakumbuka. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mbele kwa sababu programu inazichukua kama namba za hesabu, na namba ndefu za akaunti za benki ni vivyo hivyo. Faili la .csv (orodha ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) kutoka kwenye mfumo lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili. Kwenye LibreOffice likifunguka linauliza kwanza: bofya kichwa cha safu ya NIDA na kuchagua *Text*. Kwenye Excel liingizeni kupitia *Data*, *From Text/CSV*, na huko nako safu hiyo iwekwe *Text* kabla ya kupakia.

Google, kwa zile orodha mbili tatu

Mhasibu yuko sahihi kwa kazi hii. Lahajedwali ya Google inahifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya. *File*, *Version history* itakuonyesha nani alibadilisha marejesho ya jana na saa ngapi, na unaweza kurudi nyuma. Inafunguka kwenye simu. Akaunti ya bure ina GB 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha, na kwa orodha za maandishi hamtazimaliza leo wala kesho.

Jambo la kwanza ni akaunti. Ifunguliwe ya chama, kwa namba ya simu ya chama, na nywila yake iandikwe na kufungiwa kwenye bahasha ndani ya sefu. Orodha ikianzishwa kwenye Gmail binafsi ya karani, karani akiacha kazi ameondoka na orodha. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili Google wanaweza kuifuta, kwa hiyo msiifungue kisha mkaisahau.

La pili ni linki. Mnapobonyeza *Share*, iacheni kwenye *Restricted* na muandike barua pepe za wale wanaohusika, mmoja mmoja: wa kujaza apewe *Editor*, wa kuangalia apewe *Viewer*. Ile *Anyone with the link* ni rahisi, lakini linki ikitupwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu themanini, inaendelea kusafiri hata baada ya ninyi kuisahau. Orodha ya wadaiwa ina majina, simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabebesha ninyi jukumu la kuzilinda. Tena, zifungeni safu za kanuni kwa *Protect sheets and ranges*, la sivyo siku moja mtu atafuta jumla akidhani ni chumba kitupu.

La tatu ni mtandao wa Sikonge. Orodha inaweza kujazwa bila intaneti, lakini maandalizi yanafanywa mtandao ukiwepo: fungua Google Drive kwa Chrome au Edge, nenda kwenye mipangilio, weka tiki ya *Offline*, na hakikisha faili lenyewe limefunguka angalau mara moja kwenye kompyuta hiyo. Mtandao ukirudi kila kitu kinapanda. Ili watu wawili wasigongane kwenye mstari mmoja wakiwa wote nje ya mtandao, kila dirisha lipewe karatasi yake ndani ya faili, na makao makuu iwe na karatasi ya kujumlisha. Barua na mihtasari msizipeleke huko. Zitawakwamisha siku mtandao unaposinzia na kikao kinasubiri.

Kuhama

Anza na kompyuta yako, kwa sababu violezo viko kwako. Tengeneza upya vinne tu: barua, muhtasari, tangazo, na fomu ya maombi. Hifadhi kila kimoja kama kiolezo, aina ya .dotx, ili mtu akikifungua apate nakala mpya na asiandike juu ya cha asili. Ukiridhika, mashine za WPS zifuate, na Word 2010 ziondoke mwisho.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, siku: 2026-02-14_Muhtasari_Bodi_02. Yatajipanga yenyewe kwenye folda, na namba ya mwisho itaua "muhtasari mpya kabisa final (3)". Anayepokea rasimu kwa WhatsApp aliweke faili kwanza kwenye folda ya kazi ndipo alifungue. Akilihariri pale lilipotua, kazi yake inabaki kwenye folda ya muda ambayo hakuna atakayeikumbuka.

Mafaili ya zamani msiyabadilishe kwa mkupuo. Fungua moja pale linapohitajika, lirekebishe, lihifadhi kwa aina mpya, mengine yalale. Ila mihtasari iliyopitishwa na hesabu zilizokaguliwa zipewe PDF ya kumbukumbu: kwenye dirisha lile la *Export as PDF* kuna tiki ya PDF/A, aina iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya nyaraka za kutunzwa muda mrefu. Nakala moja ikae kwenye diski ya nje, na diski hiyo isilale kwenye jengo lenye kompyuta.